Bi Esha wa Kipaza Sauti Anatoka Kazini, Hatoki Mjini

Jumatatu, tarehe 30 Juni, Bi Esha Mbwana anastaafu baada ya kulitumikia baraza la mji wetu kwa miaka thelathini na moja. Cheo chake ofisini ni msaidizi wa mawasiliano. Mitaani, kutoka Tiwi hadi njia ya Msambweni, watu wanamjua kwa jina la Bi Esha wa Kipaza Sauti, kwa sababu yeye ndiye apitaye na pikapu akiwaita wananchi mikutanoni. Mimi Chome ndiye dereva wa pikapu hiyo. Nimeombwa niandike maneno matamu ya kumuaga. Matamu yapo, tena tele, lakini machungu nayo sitayameza, na mhariri akitaka kukata, aanze na picha yangu.

Alipoajiriwa, baraza halikuwa na pikapu. Alikuwa akitembea kwa miguu na kipaza sauti cha mkononi, buibui limejaa vumbi, na jioni anarudi ofisini akinong'ona kwa sauti kumkauka. Tangazo lake lilikuwa na utaratibu. Kwanza salamu ya Waislamu, kisha ya Wakristo, kisha hamjambo nyote, ndipo aseme shughuli yenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Tukikaribia nyumba yenye matanga, ananigusa bega nizime kipaza sauti. Anashuka, anavua viatu, anawapa pole wafiwa, anakaa nao kidogo, kisha anawaeleza taratibu kwamba kuna mkutano siku fulani. Wakubwa walilalamika ati tunachelewa. Bi Esha akawajibu kwamba mfiwa naye ana haki ya kujua shamba la jirani linauzwa kwa nani, na hatapigiwa makelele juu ya maiti wake. Maneno yakaishia hapo.

Vituko navyo havikukosekana. Siku moja huko Tiwi tulisimama kununua samaki aina ya changu, na mimi, masikini, nikasahau kuzima mtambo wa sauti. Bi Esha akaanza kupatana bei. Kijiji kizima kikamsikia akimwambia muuzaji kwamba samaki yule amekufa kabla ya uhuru, na kwamba hata paka wa kwake ana heshima zake. Watu wakatoka majumbani wakicheka hadi kushika mbavu. Muuzaji mwenyewe alicheka akampunguzia, kisha akamwomba arudi kesho amtangazie na pweza.

Sasa tuje kwenye yale yanayonikera.

Mwaka huu baraza linataka kuamua juu ya kanuni moja ambayo kila mtu hapa anaijua. Kanuni inasema kwamba yeyote anayejenga hoteli kubwa au majumba makubwa ya kukodisha atenge sehemu ya nyumba kwa kodi ambayo muuguzi, mvuvi na mpishi wa hoteli wataimudu, na ghorofa ya chini aache vyumba vya biashara kwa wenyeji. Si jambo la ajabu. Anayewatandikia wageni vitanda alale karibu na kazi yake, na mama anayekaanga viazi karai asifukuzwe barabarani kila ghorofa mpya inapoota. Wenye majumba wamekuja juu wakisema wataondoka na mitaji yao. Waende wapi, jamani? Bahari wataibeba?

Wenyeji wanaopinga pia wapo. Abdulwahab, mwenye nyumba ndogo ya wageni pale njia panda, anaogopa kanuni itamfikia hata yeye anayeongeza vyumba viwili. Bi Esha alikwenda kumgongea mlango mwenyewe, akamhimiza afike akaseme hofu yake mbele ya watu. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Alimwita anayekubali na anayekataa kwa sauti ile ile.

Na baraza likafanyaje? Likauweka mkutano wa wananchi Ijumaa mchana, saa za sala, ndani ya hoteli moja ya ufuoni! Bi Esha aliposoma tangazo alisema astaghfirullah, akaenda kwa wakubwa kuwaomba wabadilishe. Wakamwambia ukumbi umeshalipiwa. Basi tukazunguka mitaa yote, akatangaza kama alivyoagizwa, na watu, kwa kumheshimu yeye, wakatoka msikitini moja kwa moja wakaja na kanzu zao. Mabawabu wakawazuia getini. Wakaulizwa wamealikwa na nani. Dama, muuza viazi karai, aliinua kitambulisho chake juu akauliza kwa sauti ni mkutano gani wa wananchi ambao mwananchi anaachwa nje kama mbwa. Ndani kulikuwa na viyoyozi, keki, na watu wa wenye majumba wakipokezana kuzungumza. Jioni baraza likasema kwamba wananchi waliitwa na hawakufika. Hawakufika! Nimewapita getini kwa pikapu, nimewaona kwa macho yangu.

Bi Esha alikuwa ndani ya ukumbi ule, amesimama ukutani. Angeweza kuwaambia kilichokuwa kikiendelea nje, na alitaka kusema. Lakini kanuni za kazi zinamkataza mfanyakazi wa baraza kutoa maoni katika mkutano wa baraza, na mkubwa mmoja alimtazama akatikisa kidole. Akarudi garini akiwa analia. Katika miaka yote niliyomwendesha sikuwahi kumwona akilia, hata siku aliyomzika mumewe alijikaza. Nilipiga usukani kwa ngumi hadi mkono ukavimba.

Wengi wenu hamjui jambo hili, na nimemwomba ruhusa kulitaja. Bi Esha ni mpangaji. Anakaa chumba kimoja na ukumbi, nyuma ya soko, tangu watoto wake wakiwa wadogo. Nyumba imeuzwa. Mwenyewe mpya anataka kuibomoa ajenge ghorofa, na wapangaji wameambiwa wawe wamehama kabla Agosti haijaanza. Amezunguka mji mzima akitafuta chumba, na kila anapoulizia anatajiwa kodi ya watalii. Ndugu yake wa Ramisi amemwambia aende akakae naye, na mizigo ameshaanza kuifunga. Mtu aliyeuita mji huu kuzungumza juu ya nyumba hana pa kulala ndani yake, na sisi tunamnunulia zawadi ya kumuaga, saa ya ukutani! Aitundike wapi?

Wananchi walipokataa mkutano ule wa hotelini, baraza lililazimika kuitisha mwingine, na safari hii ni uwanja wa shule, asubuhi, na uamuzi utapigiwa kura pale pale. Wakubwa wameupanga Jumatano, tarehe 2 Julai. Nimesikia kwa masikio yangu wakifurahia kwamba Bi Esha atakuwa ameshaondoka, mitaa itakuwa kimya, na ujumbe wa simu kwa Kiingereza utatosha. Wajanja hao! Katika kumkwepa mtangazaji wamemsahau mwananchi. Jumatatu jioni atarudisha kitambulisho cha kazi. Jumanne ataamka bila bosi. Jumatano hakuna kanuni ya kazi wala kidole cha mtu kitakachomzuia kusimama katikati ya uwanja na kusema aliyoyaona na yanayomsibu. Na kuhusu mitaa kuwa kimya, wasijisumbue, maana wale wa getini wameshaanza kuambizana nyumba kwa nyumba.

Bi Esha, shikamoo. Ahsante kwa kutufundisha kumheshimu anayesikiliza. Ahsante kwa chai ya tangawizi garini, na kwa kuniita mwanangu hata siku niliyotutosa mtaroni. Wenzako wa karakana, wa usafi na wa mapato wanakuombea afya, na wamekubaliana kuja uwanjani Jumatano wakiwa wamechukua ruhusa zao. Hatutasema neno, tumefungwa midomo bado. Tutakaa chini tukutazame.

Tunakutakia maisha mema, tena marefu, na hiyo mizigo ifungue. Utaratibu unaujua kuliko sisi sote, kwamba kila anayesimama kuzungumza hutaja kwanza jina lake na mahali anapokaa. Wakikuuliza unakaa wapi, usiwatajie Ramisi. Waambie unakaa hapa.