Shuka la Kitanda cha Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu,
Mganga Mkuu,
Katibu wa hospitali,
Wakuu wa wodi mlioacha kazi zenu mkashuka huku chini,
Mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa Kitengo cha Ufuaji tunakukaribisha kwenye chumba chetu. Tunaomba radhi kwa joto. Madirisha yote mawili yako wazi tangu asubuhi na hali ndiyo hii unayoiona. Umekuja kuzindua mashine mpya ya kufulia, na kwa mashine hiyo tunaishukuru Bodi kwa moyo mmoja. Ile ya zamani ilikuwa ikizunguka huku inatembea, ikabidi mtu aiegemee mpaka imalize. Kwa miaka mitatu mtu huyo alikuwa msimamizi wetu, kwa sababu ya uzito wake, na hatusemi hivyo kwa kumdharau.

SISI NI NANI

Tuko kumi na mmoja, wanawake saba na wanaume wanne. Mdogo wetu ana miaka thelathini na sita, mkubwa hamsini na tisa. Kwa siku tunapokea mashuka kama mia nne, mbali na foronya, magauni ya wagonjwa na vitambaa vya chumba cha upasuaji. Yanaingia kwa mlango ule yakiwa machafu, yanatoka kwa mlango huu yamekunjwa mara nne, namba ya wodi ikiwa juu.

Mkubwa wetu tunamwita Mama wa Rola, kwa kuwa amesimama kwenye rola ya kupigia pasi miaka thelathini na moja. Amebakiza miezi saba astaafu.

Shuka lenye doa lililokataa kutoka mara tatu huandikwa kuwa limechoka. Hupelekwa chumba cha nyuma kuchanwa vitambaa vya kudekia. Huo ndio utaratibu, na tunaueleza mapema kwa sababu mambo yetu yote yalianzia chumba hicho.

TULIVYOANZA KUCHORA

Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua, mashine ya kukausha iliharibika. Siku kumi na mbili tulikaa chumba cha nyuma tukichana mashuka na kungoja jua. Siku moja Mama wa Rola alinyanyua shuka lenye doa la dawa ya kahawia, akalitazama weee, halafu akachukua kalamu ya wino usiofutika, ile tunayoandikia namba za wodi. Akaliwekea doa jicho na miguu miwili.

"Huyo ni nani?" msimamizi akauliza.

"Kuku. Huoni mkia?"

"Mama, hicho ni kichwa."

"Basi anaangalia nyuma."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kila mtu akaomba kalamu.

Mgeni rasmi, wengi wetu mara ya mwisho kuchora kitu kisicho na kazi yoyote ilikuwa darasa la tatu au la nne. Mama wa Rola alichapwa kwa kuchora kwenye daftari la hesabu na hakurudia kwa miaka karibu hamsini. Sisi wengine hatukuchapwa. Tuliacha tu, kama mtu anavyoacha kuruka kamba, bila kukumbuka ilikuwa siku gani. Kwa hiyo mwanzoni tuliona aibu, watu wazima wenye wajukuu wameinamia kuku. Fundi mitambo alichora ng'ombe, tukampongeza kwa meza nzuri. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaleta ng'ombe mwingine, na huyo alikuwa ng'ombe kweli.

Tangu hapo tunachora Jumanne na Ijumaa, nusu saa baada ya zamu. Sheria ni mbili: shuka liwe limeandikwa kuwa limechoka, na doa lisifichwe, mchoraji aanze nalo. Likishachorwa tunalifua tena ili wino ushike. Sisi tunaolipwa miaka yote kuondoa madoa tumejikuta tukibishana kama doa fulani ni mlima au ni shangazi wa mtu.

MAFANIKIO

Mashuka sitini na mawili yamechorwa. Mshonaji viraka, aliyekuwa hasemi na mtu tangu afiwe na mumewe, sasa anasema, na kuna siku tunamwomba apumzike. Mashuka yanayorudishwa kutoka wodini kwa kutotakata yamepungua, pengine kwa sababu siku hizi tunayatazama. Zaidi ya hapo, tunafurahi. Tulitafuta namna ya kiofisi ya kuliandika jambo hilo, hatukuipata.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni joto, ambalo unalo hapo ulipokaa. Ya pili ni shuka la kitanda cha tisa.

Wewe unalijua kama kielelezo, maana limefungiwa kwenye kabati la Katibu na Alhamisi Bodi inakaa kulijadili. Shuka lile lilikuwa na doa pana lililokataa mara tatu, na liliandikwa kuwa limechoka. Lilichorwa Ijumaa, likafuliwa, likaachwa kwenye kamba iliyo juu ya rola. Jumatatu asubuhi Mama wa Rola alilikuta limekauka pamoja na mengine. Akalipitisha kwenye rola, akalikunja mara nne, picha ikawa ndani na namba ya wodi juu, akaliweka kwenye toroli ya mashuka safi. Mkono wake haujawahi kukutana na shuka kavu ukaliacha bila kulikunja. Ni kosa, na katika hospitali nzima hakuna mwingine ambaye angeweza kulifanya.

Shuka likapanda wodi ya wanawake, likatandikwa kitanda cha tisa. Mgonjwa wa kitanda hicho alikuwa na wiki tatu bila kutaka kuinuka aketi. Muuguzi wa zamu alitusimulia kwamba alimkuta ameketi, shuka amelivuta magotini, anahesabu vifaranga waliochorwa. Aliomba asibadilishiwe. Hatudai kwamba shuka linatibu, tunaeleza tulivyoelezwa. Siku ya pili wakaguzi wakapita wodini.

Katibu alishuka hapa na shuka mkononi, akauliza, "Nani amechora hii?" Chumbani tulikuwa kumi na mmoja. Kumi tulitazama sakafu.

Mama wa Rola akasema, "Ni mimi, mzee."

Katibu akaandika jina moja. Barua ilitoka siku ileile: ameharibu mali ya umma, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi.

Tangu hapo Mama wa Rola hachori. Jumanne muda ukifika anabadilisha viatu, anaaga, anaondoka. Tulimpelekea kalamu mkononi akasema, "Wekeni tu, wanangu. Nimeshachapwa tena." Hilo linatuuma kuliko barua yenyewe.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi manne. Feni, glavu ndefu na sabuni ya mikono tumeyaandika kwenye karatasi nyingine ambayo Katibu anayo. Hapa tunaleta moja.

Mgeni rasmi, Mama wa Rola hakuchora hata mstari mmoja kwenye shuka lile. Ijumaa hiyo aliondoka saa sita kwenda kliniki ya macho, na daftari la mahudhurio linaonyesha. Kuku ni wa msimamizi. Vifaranga wote saba ni wa mshonaji viraka. Uzio ni wa fundi mitambo. Mtu anayekimbiza kuku ni wa msukuma toroli, ambaye ndiye anayesoma mbele yako sasa. Majani tulijaza sisi sita tuliobaki.

Tulinyamaza kwa woga. Tuna watoto shuleni na kodi za nyumba, lakini naye anavyo. Leo ni siku ya kumi na tisa tunaona haya.

Hatuji kumwombea huruma. Kwa kukunja, apewe onyo linalolingana na kukunja. Kwa kuchora, tunaomba barua kumi. Majina yetu yako nyuma ya karatasi hii, na kila mmoja ametia sahihi. Tunaomba vilevile kwamba Alhamisi, kabla Bodi haijasema neno, shuka litandazwe lote mezani, kwa sababu tumeambiwa halijafunguliwa tangu liingie kabatini.

Mama wa Rola hakuonyeshwa risala hii. Tulimwambia inahusu mashine. Kama sasa hivi ameshika kiuno na kututolea macho, tunaomba usimgeukie mpaka tumalize.

MWISHO

Mwenyezi Mungu akupe afya njema, mashuka yetu uyajue kwa kuyakagua tu, usije ukayalalia. Awape nafuu walioko vitandani huko juu, na awape wajumbe wa Bodi subira ya kutazama kitu kabla ya kukiamua.

Tunakukabidhi risala hii kwa mikono yetu yote.

Ni sisi, wafanyakazi kumi tuliochora,
kwa ajili ya mmoja aliyekunja,
Kitengo cha Ufuaji.