Marehemu Machache, Gari Lake Bi Mkubwa, na Dirisha la Sebuleni

Marehemu alibomoa ukuta wa sebule ya mke wake, ukuta uliokuwa na dirisha la kushonea, ili gari lake lipate pa kulala. Hilo lisemwe kwanza, kabla leso hazijatolewa mifukoni. Kaka yake marehemu alikuwa ameandaa wasifu mwingine, wenye "mume mwema" karibu kila mstari. Mjane aliusikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaomba usomwe huu. Anayewasomea ni binti yao wa pekee.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa mpishi wa hoteli na mkunga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alilia mpaka apewe anachokitaka, na akishapewa alikishika hata usingizini, ukijaribu kumnyang'anya anakung'ata. Alimsimulia mjane hayo siku za uchumba, huku akicheka. Mjane naye akacheka. Hakujua kwamba anaonywa.

Alisoma mpaka kidato cha pili, kisha akachukua mafunzo ya utunzaji wa stoo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wake, na Kiingereza alikijua cha kutosha kumnyamazisha mtu. Mke wake hakukaa darasani hata siku moja. Wakigombana, marehemu aliacha Kiswahili katikati ya sentensi, akamalizia kwa Kiingereza, kisha akakunja mikono na kusubiri ajibiwe.

Mwaka 1979 aliajiriwa kutunza stoo ya vipuri ya kampuni ya mabasi, akakaa hapo mpaka alipostaafu. Hakuiba hata nati. Hilo ni kweli na mjane hamnyimi. Ni katika kazi hiyo alipokutana na daktari wa meno, mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, akamuuzia gari la spoti la Kiingereza: jekundu, la viti viwili, limelala chini kama sahani, bodi yake si ya bati bali ya plastiki ngumu. Kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imeshafilisika na kufungwa.

"Yatima huyu," marehemu alipenda kusema, akilipapasa boneti. "Kwao kumefungwa."

Mke wake naye alikuwa yatima, aliyelelewa na shangazi. Hilo halikumtoa marehemu chozi.

Aliandika barua ng'ambo kutafuta kioo cha taa, akajibiwa kwamba kioo hakuna na kwamba magari ya aina ile yamebaki machache duniani. Jibu hilo lilimfurahisha kuliko ambavyo kioo kingemfurahisha. Alilisema kwa kinyozi, alilisema kwenye foleni ya zahanati, alimwambia hata fundi bomba aliyekuja kuzibua choo: "Yamebaki machache." Ndipo mtaa mzima ukamwita Machache, naye akaitika. Siku moja mke wake alimuuliza, "Na wake kama mimi je, wamebaki wangapi?" Marehemu alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayehesabu mali ya stoo, akajibu, "Hao wapo wengi."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 7 Juni 1986. Bibi harusi alikuwa amejishonea gauni mwenyewe, na shangazi yake alikuwa amemsuka akimwambia, "Mwanangu, leo utapanda gari ambalo hata mabwana wakubwa hawana." Gari lilikuja kweli, linang'aa. Kwenye kiti cha kwanza alikaa bwana harusi, na kwenye cha pili alikaa kaka yake, miguu imenyooshwa, miwani ya jua usoni.

"Shemeji, usinune," kaka mtu alisema kupitia dirishani. "Gauni lako lina vifungo vya chuma. Vitakwaruza ngozi ya kiti."

Bibi harusi alifuata nyuma katika gari la kukodi, akiwa amekaa kati ya masufuria na viti vya plastiki. Walipofika, marehemu alimshika mkono mbele ya wageni wote, akampeleka mpaka kwenye gari, akasema, "Msalimie mwenzio. Alikutangulia, kwa hiyo huyu ndiye Bi Mkubwa." Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Jina likabaki. Mjane amekaa katika ndoa hiyo miaka thelathini na saba, na hajawahi kuketi katika gari lile hata likiwa limezimwa.

Mwezi wa nne mwaka 1988, mchana wa mvua kubwa, uchungu ulimshika. Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, lina mafuta, linawaka.

"Baba, chupa imepasuka. Nipeleke hospitali."

"Mvua hii?" marehemu alisema. "Na maji hayo yanakutoka? Vile viti ni ngozi, mama. Ngozi ile haipatikani tena popote. Wewe jikaze kidogo."

"Nijikaze mpaka lini?"

"Mpaka ikatike."

Aliyemchukua ni muuza mboga wa jirani, ambaye pikapu yake ilikuwa na kabichi mpaka juu. Hakusubiri kuzishusha. Anayewasomea maneno haya alizaliwa juu ya kabichi hizo, kabla hawajafika hospitali, na ndiyo maana wengi wenu hapa mnamwita Kabichi mpaka leo. Marehemu alikuja jioni, mvua ilipokatika, kwa gari lake. Alimtazama mtoto, akasema amefanana na mama yake. Akaondoka peke yake. Mama na mtoto walirudi nyumbani na muuza mboga.

Sasa habari ya ukuta. Kiwanja kile mjane aliachiwa na shangazi yake, na nyumba aliijenga kwa cherehani: mapazia, mashuka, sare za shule, magauni ya harusi za watu wengine. Cherehani ilikaa sebuleni chini ya dirisha linalotazama jua la asubuhi. Wateja hawakuhitaji kubisha hodi. Walisimama nje ya dirisha, wakaegemea kizingiti, wakapimwa, wakasengenya, wakaenda zao. Dirisha lile ndilo lililokuwa duka lake. Vilevile ndilo lililokuwa redio yake na kioo chake cha kujitazamia akichana nywele.

Mwaka 1999 mabati ya kibanda yalianza kuvuja. Mjane alikwenda kununua uzi, akarudi akakuta vumbi limejaa mpaka jikoni. Nyundo ilikuwa mikononi mwa kaka yake marehemu. Marehemu alikuwa amesimama pembeni, akihesabu matofali mazima.

"Dirisha langu liko wapi?"

"Kwani huko nje ulikuwa unatazama nini?" marehemu aliuliza.

"Nauliza nitashonea wapi!"

"Koridoni kuna taa," akasema kaka yake, akijifuta jasho. "Shemeji na wewe, unalilia tundu la ukutani."

Waliweka milango miwili ya chuma. Bi Mkubwa akaingia sebuleni, akakaa. Pazia la mwisho mjane alilolishona kwa mwanga wa jua lilikuwa la kitambaa kizito cha bluu, alichokinunua kwa ajili ya chumba cha binti yake. Marehemu alilichukua akalifanya la kulifunikia gari. Tangu siku hiyo mjane ameshonea koridoni, chini ya balbu, mgongo kwenye mlango wa choo. Wateja walipungua, kwani nani aingie mpaka chooni kwa mtu kupimwa kiuno? Macho nayo yakaanza kupungua. Wageni walikaribishwa jikoni. Binti alipochumbiwa, washenga waliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, na marehemu akawaomba radhi kwa niaba ya Bi Mkubwa kwamba hawezi kusogea.

Mnamo Agosti 2021 marehemu alipata kiharusi akiwa ameketi ndani ya gari hilo, usukani mkononi, injini imezimwa, kama alivyozoea kila jioni. Kuliwasha gari litoke kulishindikana. Lilikuwa halijawashwa kwa miaka. Aliyempeleka hospitali ni muuza mboga yuleyule. Safari hii pikapu ilikuwa na vitunguu. Mjane alikaa nyuma, amempakata kichwa.

Upande wa kulia wa mwili haukurudi, wala maneno hayakurudi, isipokuwa mawili. Siku ya tatu kaka yake alikuja mbio koridoni mwa hospitali, uso ukimng'aa: "Shemeji, anaongea! Anasema Bi Mkubwa. Anakuita wewe!"

Mjane aliinuka. Kwa hatua chache zile kutoka koridoni mpaka wodini, aliamini. Alifika kitandani akainama, akasema, "Nipo, baba." Marehemu alimtazama, akageuza jicho pembeni, akainua mkono uliobaki mzima, akafanya kama mtu anayefuta boneti.

Kwa miaka miwili mjane alimlisha, alimwogesha, alimgeuza. Kila jioni alimfikisha mlangoni mwa sebule akaone gari, maana bila hivyo hakula. Marehemu alifariki tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa safi, na shuka lake limepigwa pasi.

Marehemu ameacha wajane wawili, mmoja anaongea, binti mmoja, wajukuu wawili ambao hawajawahi kucheza sebuleni, na kaka mmoja, ambaye tangu juzi anatembea na funguo za gari mfukoni. Kaka huyo amesema gari litabaki pale lilipo mpaka apatikane mnunuzi anayeijua thamani yake. Amesema pia kwamba mwili ulazwe kwenye baraza, kwa kuwa sebuleni hakuna nafasi.

Mjane amekataa hilo la pili, na kwa hiyo amekataa na la kwanza. Mpaka maneno haya yanaposomwa, gari litakuwa limesukumwa nje na vijana wa muuza mboga. Kusukuma hakuhitaji funguo. Marehemu atakuwa amelala usiku wake wa mwisho sebuleni kama binadamu. Bi Mkubwa atakuwa uwanjani, vioo vimeshushwa, bila shuka. Lile pazia la bluu mjane amelirudisha kwa mwenyewe, yaani anayewasomea. Msimu huu ni wa mvua, na mjane hana kibanda.

Neno "samahani" alilodaiwa marehemu anaondoka nalo, na hakuna wa kumlipia. La ukuta halizikwi. Linadaiwa kwa kaka yake, aliyeketi mstari wa mbele na miwani yake ya jua: ukuta wa matofali, na ndani yake dirisha, palepale lilipokuwa, kwa kimo cha mwanamke aliyeketi kwenye cherehani. Nyundo anayo, na namna ya kuishika tunajua anaijua.

Marehemu apumzike. Amani mtuachie sisi, maana nyumbani kwetu bado haijawahi kuingia.