Mzee Hezekia na Sakafu ya Mkulo

Tarehe 30 Juni 1996, Mzee Hezekia Shemweta, fundi seremala wa Hoteli ya Kwemkulo hapa Lushoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Alikuwapo hoteli ilipokuwa ya serikali, na akabaki ilipouzwa kwa mtu binafsi. Wengi wetu tulimkuta, tukadhani atakuwapo siku zote, kama ukungu wa asubuhi.

Alizaliwa Mtae, akajifunza kazi kwa baba yake, marehemu Nathanaeli, aliyekuwa mpasua mbao. Mbao za mkulo, mti wa misitu yetu ya Usambara, zilizotandazwa katika ukumbi wetu wa chakula zilipasuliwa na baba huyo kwa msumeno wa watu wawili. Mzee Hezekia hasemi sana habari hiyo. Ila tulimwona mara nyingi amesimama mlangoni pa ukumbi, kofia mkononi, hana anachongoja.

Mwaka 1972 meneja wa wakati huo aliletewa zulia jekundu kutoka Dar es Salaam, akaagiza libandikwe kwa gundi juu ya mbao zote. Mzee Hezekia akaleta taarifa kwamba gundi imegandia koponi. Akalishikiza zulia kwa misumari midogo, tena pembezoni tu. Matokeo yake mnayajua. Zulia lilifura katikati, mhudumu Mwajuma akajikwaa akiwa na sinia la supu mbele ya wageni wa wilaya, na Mzee akapewa onyo la maandishi. Tangu hapo, kitu chochote kilichotengenezwa ovyo hapa kiliitwa "zulia la Hezekia". Nami nililitumia sana jina hilo, tena nikicheka.

Bwana Clemence aliponunua hoteli mwaka 1993, aliamini mbao zimeshaozea chini ya zulia. Aliagiza marumaru, na mbao zing'olewe ziwe kuni za jikoni. Mzee Hezekia alikwenda ofisini kwake, akaomba apewe Jumamosi moja tu.

Jumamosi hiyo tulitoa meza zote nje. Mzee alipiga magoti, akang'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, kisha tukalikunja zulia kuanzia dirishani. Vumbi lilipotulia ikapanda harufu ya mkulo, kali na tamu, hata ungedhani msitu umeingia ndani kupumzika. Mbao zilikuwa nzima, rangi ya asali. Tulizifuta, tukazipaka nta, tukakanyaga makumbi ya nazi na kuanza kusugua: wapishi, wahudumu, hata mhasibu, tukiteleza polepole huku na huku. Ukungu uliingia madirishani na hakuna aliyejali kufunga. Mwajuma aliimba. Nadhani kwa saa kadhaa tulisahau kwamba tuko kazini.

Jumatatu Bwana Clemence alifika, akatazama, akavua viatu mlangoni. Marumaru zikaenda vyooni.

Sisi tulisema ni bahati. Kama gundi isingeganda mwaka ule, tulisema, mbao zisingepona. Mzee alitusikia, akaenda zake kazini.

Wiki iliyopita alikuwa akinikabidhi stoo ya useremala. Kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya randa za zamani, nilikuta kopo kubwa la gundi la mwaka 1972. Kifuniko chake hakijaguswa. Nililishusha, nikamtazama.

"Nilijua siku moja zulia watalitoa," akasema, kisha akaendelea kunihesabia misumeno.

Mzee wetu, shikamoo. Kwa miaka ishirini na moja tulikucheka, nawe ukakubali kuitwa fundi mbovu ili kazi ya baba yako ipone. Tunakuomba radhi mbele ya wote, na tunakushukuru. Nenda Mtae ukapumzike, uwe na afya na wajukuu wengi. Ukishuka Lushoto usipige hodi, pita moja kwa moja ukumbini. Tutakuwa tumeshasugua.

Rehema Mussa, Mtunza Stoo