Mkono Unafika Chini: Mama Pascasie na Pikapu Yake Ndogo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama una sufuria jikoni, punguza moto, maana leo sitaki uniache njiani. Leo tunamkumbuka Mama Pascasie wa Bertrams, hapa hapa Joburg. Mama Fiona. Yule aliyekuwa akipiga simu hapa studioni na kuanza kubisha kabla hajasalimia. Tumemzika Jumamosi. Mama Pascasie hatunaye tena, nami bado nasema "yupo" kila nikitaja jina lake.

Wengi wenu mmekula mboga alizobeba. Kabichi za La Rochelle, nyanya za Kensington, lengalenga, yaani mchicha, za akina mama wa barabarani pale Bertrams, nyingi zilipita nyuma ya pikapu yake nyeupe. Ilikuwa pikapu ndogo, zile ambazo hapa Joburg tunaziita bakkie. Viti viwili mbele, bodi fupi nyuma, imekaa chini karibu na ardhi. Aliachiwa na marehemu mumewe, na kwa pikapu hiyo akamlea binti yake mmoja tu, Fiona.

Alizaliwa Rumonge, Burundi. Alikuwa mfupi, jamani. Mfupi kweli! Alikalia mto ndipo aone barabara, na akisimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na Ellis Park, madereva wengine walidhani gari halina mtu. Alijua wanamcheka. Alishusha kioo na kuwauliza kama kwao hakuna watu wafupi.

Mama Pascasie alikuwa na kipimo chake cha gari, na alikirudia mpaka tukakijua sote. "Gari la kazi," alisema, "ni lile ambalo mwanamke akisimama chini, mkono wake unafika sakafuni mwa bodi." Mkono unafika chini. Kama haufiki, aliliita gari la kuringia.

Mwaka 2015 Fiona aliondoka. Alipelekwa Marekani pamoja na wakimbizi wengine, yeye na mumewe, akiwa na mimba ya miezi sita. Wakafikia Iowa. Huko akamzaa Carmel, mjukuu ambaye Mama Pascasie alimjua kwa simu tu. Alimwona akiota meno kwenye simu. Alimwona akisimama dede kwenye simu. Hamu ya kumbeba mtoto yule mgongoni ndiyo iliyomtawala miaka yote iliyobaki, na kila nitakachosimulia kuanzia hapa kinatoka kwenye hamu hiyo.

Fiona alimwambia, "Mama, ukija, kazi ipo. Warundi wa huku wanalima mboga, na Jumamosi wanazipeleka sokoni mjini. Wanahitaji mtu wa kubeba."

Mama Pascasie akauliza jambo moja. "Pikapu ndogo zipo?"

"Hazipo, Mama. Zilikuwepo zamani, wakaacha kuzitengeneza. Pikapu za huku ni nyumba. Ukingo wa bodi unanifika kifuani mimi, wewe itabidi ubebe ngazi."

Alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. Mtakumbuka, mwaka 2016 tulifanya mjadala hapa hapa: je, viwanda virudishe pikapu ndogo kwa wanunuzi wa Marekani? Ni yeye aliyetuletea swali. Nikasema moyoni, eish, sisi wa Joburg na pikapu za Marekani wapi na wapi? Simu zikalia mpaka kipindi kikapitiliza.

Aliyempinga zaidi alikuwa jirani yake, Papa Jacques, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi magari. Ndiye aliyeitengeneza ile pikapu miaka na miaka, mara nyingi bila kulipwa, kwa sahani ya maharage tu. Papa Jacques alisema, "Mama Fiona, kiwanda hakina roho. Kinatengeneza kile watu wananunua. Wamarekani wanapenda kikubwa. Watoto wakae nyuma, mbwa akae, na kazi ifanyike. Ukiwapelekea kadogo kako, watakacheka. Voilà."

Mama Pascasie akamjibu hewani, "Jacques, umewauliza wote? Umemwuliza mfupi? Umemwuliza mzee mwenye mgongo mbovu? Mtu ananunua kikubwa kwa sababu dukani hakuna kingine, halafu wewe unasema amependa! Mwenye kiwanda na aje asimame na mimi sokoni, apakie kabichi kwenye hilo jumba lake mpaka jioni. Halafu tuongee."

Tulicheka studioni hadi machozi. Sauti ile tunayo bado. Jana nilijaribu kuisikiliza, nikashindwa kufika mwisho.

Basi. Mwishoni mwa 2016 Mama Pascasie alikubaliwa kwenda. Aliitwa, akahojiwa, akapimwa afya, akapewa tarehe ya ndege. Februari 2017. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo penye jambo letu sisi, wale tuliopita njia hiyo.

Mnaijua shukrani ya safari. Mtu akipata tarehe, anaita kanisa, watu wanaimba, mchungaji anaomba, halafu msafiri anagawa vyake vyote. Vyote. Godoro, sufuria, mapazia. Ukibakiza hata kijiko, watu wanakutazama: huyu ana mashaka na Mungu. Na kitu kilichogawiwa kwa maombi hakirudi. Anayekichukua tena anajifungia mwenyewe mlango wa safari. Nani katuambia hivyo, sijui. Lakini tunaishi hivyo.

Mama Pascasie aligawa vyote. Sufuria kubwa alimpa rafiki yake Mama Marthe, anayeuza sombe, yale majani ya muhogo, kule La Rochelle. Kisha akatoa funguo za pikapu mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha Papa Jacques, mbele ya watu. Fundi akalia kama mtoto. "Utanibishia nani sasa?" akauliza. Mama akamwambia, "Nitakupigia kutoka Iowa."

Wiki ile ya kusafiri, amri ikatoka Marekani. Safari za wakimbizi zimesimamishwa. Mama Pascasie alikuwa amekaa kwenye chumba kitupu, begi moja mlangoni, hana hata kikombe cha kunywea chai ya kupokelea habari hiyo. Mama Marthe ndiye aliyemletea kikombe.

Kesho yake Papa Jacques alikuja na funguo. "Mama, chukua gari lako."

Akakataa.

Akaja tena mwezi uliofuata. Akakataa. Papa Jacques alikasirika, akagonga bati la mlango kwa ngumi. Mama Pascasie akamwambia maneno ambayo Papa Jacques ameyarudia mbele yangu akiwa na macho mekundu. "Jacques, nielewe. Nikishika hizo funguo, nimekubali kwamba siendi. Nimekubali kwamba Carmel sitambeba. Usinilazimishe kukubali."

Mnaona? Haikuwa kiburi. Watu wengine walisema ana kiburi, waacheni waseme. Yule mama alikuwa anashikilia tumaini kwa kucha.

Lakini tumbo halina subira. Akarudi kwenye kazi ya mboga, safari hii kwa gari la kukodi. Alisema kukodi ni sawa, anayekodi bado ni msafiri. Waliokodisha walikuwa na magari makubwa tu, marefu, ya tani nyingi. Mkono wake haukufika chini. Haukufika hata kwenye ukingo. Akawa anakanyaga tairi, anajivuta juu, anashusha gunia, anateremka, anapanda tena. Alifanya hivyo 2017, akafanya 2018. Vipimo vyake vya afya viliisha muda, akapimwa upya, vikaisha tena. Kila akiulizwa, alijibu, "Karibu wataniita."

Kule Iowa, Fiona naye hakulala kwa upande wake. Alianza kutafuta pikapu ndogo, za zamani zile, zilizobaki kwenye mabanda ya wakulima. Alimficha mama yake. Alitaka siku akifika, aikute nje ya nyumba. Mei 2019 akaipata kwa mzee mmoja mkulima. Nyekundu, imekula kutu, lakini inawaka. Akapiga picha, akasema nitamtumia siku yake ya kuzaliwa.

Juni, wasikilizaji wapendwa. Mnaijua baridi yetu ya Juni. Asubuhi, mbele ya duka moja pale Kensington, tairi lilikuwa na barafu nyembamba. Mama Marthe alikuwa naye. Anasema, "Nilimwambia, subiri jua litoke. Akasema kabichi haina koti. Akakanyaga tairi, akanyoosha mkono kushika gunia, mguu ukateleza. Sikusikia hata kelele. Nilisikia kichwa."

Hospitalini aliamka kwa vipindi. Madaktari walimwambia Mama Marthe ampigie mtoto. Fiona alipoona uso wa mama yake kwenye simu, hakungoja siku ya kuzaliwa. Alitoka nje mbio na simu mkononi, akamwonyesha ile pikapu nyekundu. "Mama, tazama. Ni yako. Nimeipata."

Mama Pascasie aliitazama sana. Mama Marthe alimwinulia simu karibu na macho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mkono unafika chini?"

Fiona akamwita Carmel. Alikuwa na miaka minne. Alikuwa mdogo mno, akasimama kwenye kreti la nyanya, akainama, akapiga kofi sakafuni mwa bodi. Akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa tu, hakisemi. Fiona akatafsiri. "Anasema, 'Unafika, Bibi.'"

Mama Pascasie alicheka. Mama Marthe anaapa kwamba alicheka. Akafumba macho, na siku ile hakuyafumbua tena. Alfajiri akatutoka.

Jumamosi Papa Jacques alikuja na pikapu nyeupe, ameiosha mpaka inang'aa. Bodi ilikuwa fupi, jeneza likatokeza nyuma, wakaacha mlango wa nyuma wazi, wakalifunga kwa kamba. Papa Jacques aliendesha mwendo wa kutembea. Na kwa sababu gari lile ni la chini, akina mama wote wa sokoni, warefu na wafupi, walitembea kandokando wakiwa wameweka mikono juu ya jeneza, toka Bertrams mpaka lilipopakiwa kwenye basi la kwenda makaburini. Hakuna aliyehitaji kupanda chochote. Mama Marthe alisema, "Sote tulimfikia."

Kwako Fiona, kule Iowa, ambaye hukuweza kuja kumzika mama yako kwa kuwa karatasi zako haziruhusu bado: pole, mwanangu. Pole sana. Pole, Carmel. Pole, Mama Marthe. Pole kwa Warundi wote na kwa soko zima.

Fiona ametuomba tuwaambie jambo. Anaendesha ile pikapu nyekundu, anabeba mboga za Jumamosi. Na anasema kila akisimama kwenye kituo cha mafuta, mtu humfuata. Mzee, kijana, mama mwenye watoto. Wote wanauliza lilelile: unaiuza? Kwa hiyo ule mjadala wetu wa 2016 naufunga leo. Wenye viwanda wafanye watakalo, lakini Mama Pascasie alisema kweli. Wanunuzi wapo. Hawajaulizwa tu.

Na sisi tuliobaki, tufikiri kidogo usiku huu. Ile shukrani ya safari yetu ni nzuri, sisemi tuiache. Lakini tumeifanya kuwa pingu. Nilimwuliza Papa Jacques kama ana neno la mwisho kwa rafiki yake, aliseme hapa redioni. Akasema, nami nawaachia maneno yake kama alivyoyasema:

"Nilikuwa ninamwuliza. Kila mara nilikuwa ninamwuliza, unataka, hutaki? Nilikuwa mjinga. Mtu wa hivyo hawamwulizi. Ningeipeleka tu ile pikapu, nikaiegesha mlangoni kwake, funguo ndani, nikarudi nyumbani kwa miguu."