Ushindi wa Mama Viti Viwili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza shuleni kwetu, mwalimu wetu mpendwa, Mama Viti Viwili, anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba.

Alipoajiriwa alikuta wanafunzi wakikariri maneno kama kasuku. Akaweka viti viwili mbele ya ubao. Kila kiti kilikuwa neno, na aliyekikalia alilitetea neno lake kama wakili. "Borrow" alinyoosha mkono kuomba kalamu, "lend" akaringa kwa kuwa kalamu ni yake. "Hear" na "listen" walibishana mpaka mpishi wa shule akaja kuuliza kama ni harusi au msiba. Mwalimu wa hesabu naye alimuuliza Mama anafungua lini duka la samani.

Kelele hizo zilimponza. Mwalimu mkuu wa wakati huo alitaka viti virudishwe stoo, ila akakubali mkaguzi aje aamue. Mama alijua kwamba akishindwa, atarudi kukaririsha.

Wanaokumbuka wanasimulia kwamba mkaguzi alichagua maneno mwenyewe: "alone" na "lonely". Kisha akamwita binti wa fundi cherehani, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua mdomo darasani. Mama aliishika meza.

Binti alikaa kiti cha kwanza. Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, kwamba "alone" ni yeye akifagia vipande vya vitambaa dukani kwa baba yake, wateja wameondoka, anaimba. Akahamia cha pili. "Lonely" ni yeye humu darasani, katikati ya wenzake wote, kabla ya viti hivi kuja.

Mkaguzi alivua miwani, akaomba naye akalie kiti.

Viti havikuiona stoo. Wa kwanza kuviazima alikuwa yuleyule mwalimu wa hesabu. Binti wa fundi leo ni mkalimani hospitalini, na hunyamaza kwa nadra. Sisi tuliomaliza mwaka huu tumevikalia vilevile, mguu mmoja umefungwa waya, na hata waoga kati yetu tulisimama tukiwa na la kusema.

Mama, shule inakukabidhi viti vyako. Tunajua watoto wako wameshahamia makwao na nyumba imekuwa kimya. Utakaa peke yako ukipenda, lakini upweke hatuuruhusu: tumeshapangana zamu za kuja. Asante kwa yote, na uwe na siku nyingi za raha.

Kiti cha pili usimpe mtu, ni cha mwenye zamu.