Kazi Nyingine Ambayo Taratibu Aliitafuta Asiione

Ndugu zetu, majirani zetu, na ninyi madereva mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka barabarani, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu anayemfuata, fundi cherehani, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma kama tulivyoyakumbuka jana tukiwa sebuleni kwake, mmoja akisimulia na mwingine akimsahihisha.

Kaka yetu, ambaye kazini na mtaani mlimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu seremala na mama yetu mkunga, na mama, aliyezoea kuwapokea watoto wa wenzake, alipenda kutueleza kwamba huyu wake ndiye aliyemchosha kuliko wote, maana hakuwa na haraka hata ya kuzaliwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, akaendelea na sekondari ya kutwa mjini hadi kidato cha pili, mwaka 1973, ambapo baba yetu aliumizwa mkono na msumeno wa mashine na kukaa muda mrefu bila kushika kazi, ndipo kaka na dada yetu mkubwa walipoacha masomo ili sisi wadogo tuendelee, yeye akaenda kubeba magunia katika ghala la nafaka, na hatukumsikia hata siku moja akilitaja jambo hilo kama deni, ila akishika gazeti ulijua hulipati tena mpaka amelimaliza lote, pamoja na matangazo ya vifo.

Pale ghalani dereva wa lori alimpenda kwa sababu ya utulivu wake, akamfundisha kuendesha, na alipokwenda kutahiniwa mara ya kwanza alikutana na kuku na vifaranga wake wakivuka, akasimama, akawangoja mpaka yule wa mwisho aliyebaki akizubaa katikati ya njia, mtahini akamuuliza kwa hasira, "Wewe, hii ni barabara au banda la kuku?" naye akajibu, "Ni barabara, afande, ila kuku hajaambiwa," akafelishwa siku hiyohiyo, akarudi baadaye, akafaulu, na mwaka 1979 akapata leseni yake, ambayo mama yetu aliibusu kama cheti cha chuo kikuu.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa na kampuni ya mabasi ya masafa marefu, na huko ndiko alikopata jina la Taratibu, tena kwa kejeli, kwa kuwa abiria wa viti vya nyuma walikuwa wakipaza sauti, "Dereva, tuko safarini au tunasindikiza jeneza?" naye akawatazama kwenye kioo na kuwajibu, "Mtafika, tena wazima wazima," lakini haukupita muda mrefu akina mama waliokuwa wakisafirisha watoto peke yao kwenda kwa bibi zao wakaanza kuuliza dirishani, "Basi la Taratibu linaondoka lini?" na wakiambiwa ni kesho, walirudi nyumbani na mizigo yao wakangoja kesho.

Ndani ya basi hilohilo ndimo alimokutana na shemeji yetu, aliyekuwa muuza vitambaa akienda kuchukua mali, ambaye njia ya milimani ilimchafua tumbo vibaya, kaka akaegesha pembeni, akashuka na chupa yake mwenyewe ya maji, akamshikia mkoba mpaka alipotulia, huku abiria wakinung'unika na kugonga viti, na shemeji anasema kwamba alipofika kwao aliwaambia dada zake, "Leo kuna mwanamume amesimamisha dunia nzima kwa ajili yangu," wakamcheka hadi machozi.

Posa haikuwa nyepesi, kwa sababu baba mkubwa wa bibi harusi, mtu wa ofisini, hakuona kwamba dereva ni mtu mwenye kazi, akasema mbele ya wazee wote, "Kijana, madereva tunawajua, kila kituo mna mke," na kaka, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno, akaikuna shingo yake, akasema, "Mzee wangu, vituo vyangu ni vitatu, na vyote nashuka kunyoosha mgongo tu, kama unaona naongopa, panda siku moja nikupeleke bure," wazee wakaangua kicheko, baba mkubwa naye akashindwa kujizuia, na wakafunga ndoa tarehe 7 Septemba 1985.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti yao mkubwa mwaka 1987, kijana wao, ambaye leo ni mfamasia, mwaka 1990, na kitindamimba wao, mwalimu wa shule ya awali, mwaka 1996, lakini wawili wa kwanza walizaliwa baba yao akiwa barabarani, na habari za binti mkubwa alizipata kituo cha pili, pale mkata tiketi alipotoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Taratibu, mkeo kajifungua salama, wa kike!" basi zima likapiga makofi, mwanamke mmoja asiyemjua akavua khanga yake akamwambia, "Kampokee mwanao na hii," na binti huyo alibebwa mgongoni kwa khanga ya abiria mpaka alipojua kutembea.

Hatuwezi kusimulia mazuri tu tukajiona tumemaliza, kwa hiyo tuseme pia kwamba mwaka 1998, mama yetu alipofariki, kaka alikuwa upande wa pili wa safari, mvua zikakata njia, na alipofika tayari tulikuwa tumemzika mama, udongo ukiwa bado mbichi, akasimama pale kaburini na sare yake yenye matope hadi kifuani, na tulipojaribu kumshika mkono aliuondoa polepole, akakaa chini kando ya mama yake mpaka alipoona inatosha, kisha wiki iliyofuata akarudi kwenye usukani, kwa sababu walikuwepo watu wengine waliohitaji kuwahi kwa mama zao.

Miaka ile watu wengi walimshauri atafute kazi ya maana, wengine hapa mpo na mnajijua, naye aliwajibu wote kwa upole kwamba kazi yake ni ya heshima, kwa kuwa amewapeleka wanafunzi kwenye mitihani, amewapeleka maharusi ukweni, amewapeleka wagonjwa hospitali kubwa na kuwarudisha nyumbani wamepona, na wengine hakuwarudisha, ila aliuliza habari zao kila alipowaona ndugu zao kituoni.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia imekubaliana lisomwe, kwani mwenyewe alipenda kulisimulia, nalo lilitokea mwaka 2011, wakati binti yake mkubwa, aliyekuwa akikata tiketi katika kampuni hiyohiyo, alipokaa mezani na wazazi wake baada ya chakula cha mchana, akasema, "Baba, sitaki tena kukaa dirishani kuuza safari za watu, nataka kuendesha basi," na kaka yetu, mtu aliyeitetea kazi hii mbele ya wakwe na walimwengu, aliweka kikombe chini na kusema neno moja tu, "Hapana."

Shemeji alikaribia kucheka, akamwuliza, "Miaka yote hii unatuambia kazi hii ni ya heshima, sasa heshima yenyewe inaishia mlangoni kwetu?" naye akapandisha suruali akawaonyesha miguu yake ilivyovimba, akawakumbusha mgongo, akawakumbusha vyumba vya kulala wageni vyenye magodoro kama mbao, akawaambia kwamba yeye ni mwanamume na bado abiria wamemtukana hadi akazoea, sembuse binti, na mwisho, kwa sauti ndogo ambayo shemeji anasema hakuwahi kuisikia tangu wamejuana, akamwambia mwanawe, "Mimi sikumzika mama yangu, sitaki nawe usinizike."

Binti hakubishana naye, aliondoa vyombo mezani, akavisuuza, akarudi akamwuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza, "Ungerudi ukawa na umri wangu, baba, ungefanya kazi gani?" kaka akatoka nje akakaa kwenye ngazi, na siku zile zilizofuata alikuwa mtu wa kusemeshwa mara mbili ndipo aitike, kwenye zamu hivyo, nyumbani hivyo, hata fundi wa karakana akamwuliza kama anaumwa, akamjibu, "Siumwi, kuna kitu nakitafuta."

Baadaye alituambia alivyokuwa akitafuta, kwamba alijiona seremala kama baba, akaona angechoka na ukimya wa mbao, alijiona mtu wa ofisini kama baba mkubwa wa mkewe, akaona angesinzia saa nne tu asubuhi, alijiona mwenye duka, mwenye shamba, askari, na kila alipojivika kazi moja katika mawazo yake, alijikuta anaangalia nje ya dirisha la kazi hiyo, akitazama basi likipita na kujiuliza nani anaendesha, basi akamwendea binti yake aliyekuwa akianika nguo uani, akashika ncha moja ya shuka wakamue pamoja, akasema, "Hiyo kazi nyingine nimeitafuta sana, mwanangu, sijaiona," kisha akaongeza, "Jumapili vaa viatu visivyo na visigino."

Jumapili ile, na nyingine nyingi, alimfundisha katika yadi ya kampuni, pale penye madoa ya oili na paka wa mlinzi, akimwambia kwamba abiria akitambua umebadilisha gia basi bado hujajua kuendesha, kwamba breki inakanyagwa kama unaamsha mtoto, na kwamba mtu akikutukana mwache amalize, huenda nyumbani hakuna anayemsikiliza, na binti alipogonga nguzo ya yadi kwa taa ya nyuma kaka alishuka, akaitazama nguzo, akasema, "Hii nguzo nami niliigonga, salimianeni," wakaendelea.

Binti alianza na basi la wafanyakazi mwaka 2013, akapewa masafa marefu mwaka 2016, mwaka mmoja kabla baba yake hajastaafu, na baada ya kustaafu kaka yetu akawa abiria mgumu kuliko wote duniani, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kila penye kona, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, hakufumba jicho katika gari lolote alilopakiwa, na sisi nduguze tulikuwa tunakwepa kukaa naye, lakini Agosti 2018, alipopanda basi la binti yake pamoja na shemeji kwenda kumwona mjukuu, walipoanza kupanda milima aliegemeza kichwa dirishani akalala fofofo, mdomo wazi, akakoroma kona zote za mlima, na shemeji hakumwamsha, alimfunika tu mtandio wake.

Alipozinduka alikuta basi limeegeshwa na abiria wanashuka, akauliza, "Tumefika?" akaambiwa, "Tumefika," akaona haya, akajifuta mdomo, akamwambia kondakta, "Mwambie dereva ahsante," kondakta akamjibu, "Mzee, si ni mwanao? Mwambie mwenyewe," basi akasogea hadi mbele, akasimama pale wanaposimama abiria wote, akavua kofia yake, akasema, "Ahsante, dereva, nimelala vizuri," na binti, ambaye alikuwa ametukanwa na wanaume njiani miaka mitano asitoe chozi, aliinamisha kichwa juu ya usukani akalia kama mtoto, na baba yake akabaki pale mlangoni, akimpigapiga begani, akizuia foleni ya watu na mizigo, wala hakuna aliyemharakisha.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, akatibiwa katika kliniki ya jirani na baadaye hospitali kubwa, akaenda na kurudi kwa uvumilivu, akiwapa wagonjwa wenzake hadithi za njiani, na daktari kijana alipomweleza kwamba kukaa kitini muda mrefu na kubana haja kwa miaka huenda kulichangia, akamwambia, "Mzee, kazi yako imekuumiza," kaka alimjibu, "Imeniumiza mgongo na figo, kweli, lakini daktari, sijawahi kuamka nikajiuliza naenda kufanya nini," na mwezi Mei mwaka huu hali yake ikabadilika, binti yake mkubwa akaomba likizo ili awe karibu, akawa anamlisha na kumgeuza, na alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, mkewe akiwa upande mmoja wa kitanda na watoto wote watatu upande mwingine, alivuta pumzi yake ya mwisho, na hakuna mtoto wake aliyekuwa mbali.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu wanne, na watu wengi ambao hatuna majina yao, waliofika salama wakashuka wakaenda zao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira na kucheka vichekesho vyake hata alipovirudia, inawashukuru majirani waliotuletea viti, kuni na bega la kuegemea, inawashukuru wenzake wa kazini, madereva, makondakta, mafundi na wakata tiketi, na uongozi wa kampuni uliotupatia basi la kumsindikiza, lile la kijani mnaloliona limeegeshwa pale getini.

Mtaona kwamba aliyekaa kwenye usukani wa basi hilo ni binti yake mkubwa, jana tulimsihi akae nyuma na mama yake, wenzake wakajitolea kumpokea usukani, naye akatuambia, "Nawashukuru, baba zangu, lakini huyu ni abiria wangu," kwa hiyo tunawaomba mpande bila kusukumana, wazee watangulie, akina mama wenye watoto wakae mbele, na asiwepo wa kugonga dirisha akimwambia aongeze mwendo.

Kaka yetu, Taratibu wetu, umefika, pumzika kwa amani.