Mjumbe Bandia wa Kliniki ya Macho

Hebu niambie wewe unayesoma: ukitaka kujua kama mtu anafaa kazi, utamwachia watu wa kweli awaharibie, au utamtengenezea watu wa uongo kwanza?

Swali hilo lilituweka kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi Wembe asubuhi nzima. Benchi ni mbao moja juu ya matofali. Kulia kuna Gia Tano, dereva wa lori aliyestaafu, mwenye chupa ya kahawa na maoni kuhusu kila kitu. Kushoto, chini ya kibaraza cha kinyozi, Mama Sindano na cherehani yake. Katikati mimi, wananiita Digrii, kwa kejeli. Shahada yangu ya kompyuta iko kwenye fremu sebuleni kwa mama, inapigwa na vumbi. Mimi nipo hapa.

Mama Sindano ndiye alianza, amenyoosha simu.

— Mwanangu, hebu niangalizie. Jicho la kushoto limeshakuwa ukungu mtupu, la kulia linalifuata. Kliniki walisema wataniita kwa ujumbe nikatolewe mtoto wa jicho. Kila siku nafuta kioo cha simu, nadhani ndicho kinachoumwa.

Nikafungua kwa simu yangu ukurasa wake kwenye tovuti ya kliniki. Maneno matatu mafupi: Amejulishwa. Hakufika. Amefutwa.

— Amefutwaje na mimi nipo hapa? aliuliza.

— Umefuta ujumbe bila kujua, shemeji, alisema Gia Tano. Sisi wazee tunabonyeza tu.

— Uzee ni wako. Usinigawie.

— Basi nafasi yako imeuzwa. Kuna mtu sasa hivi anaona kwa jicho lako.

Wembe akatoa kichwa dirishani, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi.

— Digrii, si ulisomea haya? Tuambie basi. Ama ile fremu ni ya picha?

Iliniuma. Nikawaambia.

— Mama, lile sanamu unalovisha gauni kabla mteja hajaja, kazi yake nini?

— Nione kama mshono umekaa.

— Limewahi kulalamika kwapa linabana?

— Halilalamiki. Ndiyo maana nalipenda kuliko wateja.

— Sasa, anayetengeneza mfumo wa kliniki ana moyo wa programu, wanauita model. Humo ndimo zimo sheria: nani anafuata, nani aitwe lini. Anataka kuujaribu, lakini hawezi kuwatumia watu ujumbe wa majaribio kila mara. Basi anatengeneza mjumbe wa sanamu. Anaitwa stub. Ukimpa ujumbe haupeleki popote. Anajibu tu: umepokelewa. Anatengeneza na saa ya sanamu, anaiambia programu mwaka umepita, nayo inaamini. Foleni ya mwaka mzima inakwisha kabla hujameza hiyo kahawa.

Gia Tano akashusha kikombe.

— Mwaka mzima?

— Na unaweza kuurudisha, uupitishe tena.

— Kama zile barua pepe zako za kuomba kazi, alisema Wembe. Zinajibiwa papo hapo, tumepokea maombi yako, na hakuna mtu.

— Exactly. Huyo ni stub kabisa, tena kavaa tai. Lakini yupo mwingine, mock, ambaye ananisisimua hata mimi mpaka leo. Huyu ni sanamu lenye kumbukumbu. Unamwambia mapema: utaitwa mara moja, kwa namba hii, kwa maneno haya. Programu ikimaliza anasimama kutoa ushahidi. Hukuniita. Ama umeniita mara mbili. Hapo jaribio limefeli.

Mashine ya Wembe ilinyamaza.

— Mama mkwe wangu ni huyo wa pili, alisema taratibu. Anahesabu salamu.

Gia Tano hakucheka. Alikuwa anaitazama barabara kama ameiona leo.

— Kwa hiyo wanaumba dunia nzima ya uongo ili wamjue mkweli mmoja. Je, kama na sisi tumewekwa tu, kuna mtu anaujaribu mji huu?

— Wewe hasa, alisema Wembe. Hadithi yako ya breki za lori unaisimulia kila siku neno kwa neno.

Mimi nilikuwa nimeganda kwenye lile neno, umepokelewa. Nikamwomba Mama ruhusa, nikabadilisha namba yake ya simu kwenye ukurasa, nikaweka sifuri tupu. Simu isiyopo duniani. Nikabonyeza kitufe cha kutuma ujumbe tena.

Hata sikuhema. Umetumwa. Umepokelewa.

Nikarudisha namba yake ya kweli, nikabonyeza tena. Jibu lilelile. Simu mkononi mwake ilibaki kimya.

— Walisahau kumtoa, nikasema. Sanamu la majaribio limepelekwa kazini. Programu yenyewe haikukosea hata chembe. Iliambiwa Mama amepokea, ikamsubiri, hakuja, ikamfuta. Yote sawasawa, juu ya neno moja la uongo.

Mama Sindano alipapasa sindano ya cherehani, akatafuta tundu la uzi, akakosa.

— Yaani gauni langu limevishwa sanamu, alisema, na mimi nimeambiwa nimeshavaa.

Mteja aliyekuja kufuata sketi yake, tusiyemjua, alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote.

— Samahani, alisema. Huyu mama ana nyinyi. Wale wengine walioko kwenye foleni hiyo, nani amewaambia?

Gia Tano akainua chupa, akaimimina, ikatoka hewa.

Basi nyinyi mliojenga mfumo huo, na nyinyi wakubwa wa kliniki mliousaini: mzimeni mjumbe wenu wa sanamu leo. Warudisheni wote mliowafuta, Mama Sindano kwenye nafasi yake ileile, kisha mtu mwenye mdomo ashike simu awapigie mmoja mmoja, na asikate mpaka asikie sauti ya mtu ikijibu.